Kura Tano, Wenyewe Kumi

Harlan Falls, Pennsylvania
9 Septemba 1983

Dada yangu Daria,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo wote watatu. Maureen amehamishiwa zamu ya mchana hospitalini, kwa hiyo siku hizi tunaonana kama watu na wenzao. Katya ameanza darasa la tatu. Meno mawili ya mbele yameng'oka, basi akizungumza unamsikia marehemu baba na kiko chake mdomoni. Mgonjwa ni mbwa, kala soksi. Mama naye magoti yanaendeleaje? Nilimpigia Jumapili, lakini simu ya pale nyumba ya wazee alipokea yule bibi kiziwi, tukapigiana kelele weee, mpaka nikakata tamaa.

Sasa neno lenyewe. Jana nimepeleka jalada langu la kuomba ajira ya kudumu hapa chuoni. Nasema jalada, kumbe ni maboksi matatu: kila nilichoandika kuhusu mito na tope lake, maoni ya wanafunzi, hata barua ya shukrani ya kijiji kile ambacho niliwaonya watu wake kuhusu mafuriko. Wewe ulishapita njia hii huko chuoni kwenu, sina haja ya kukufundisha. Miaka sita wanakutazama, kisha wanajifungia chumbani wanapiga kura. Ukishinda, kazi ni yako mpaka uzeeke. Ukishindwa, fungasha.

Hapa kwetu wapo kumi na mmoja wenye kura, na karatasi wanazitumbukiza kwenye kopo la kahawa. Kweli kabisa, kopo tupu la kahawa. Walter Pruitt, mkuu wa idara, analitunza kabatini, na lilikuwemo humo tangu kabla sijaja. Sasa kila nikipita koridoni watu wananitabasamia kama mgonjwa ambaye bado hajaambiwa majibu yake. Asiyetabasamu ni mzee Gustafson peke yake. Huyo kwa miaka sita hajanisalimu, na sidhani ataanza leo. Yeye ni mtu wa mawe ya volkano, mto kwake ni maji machafu yanayotembea.

Nipe neno la kunitia moyo, dada. Na Mama asijue kwamba kuna kura. Yeye alinihesabu profesa tangu siku niliyovaa tai.

Mdogo wako,
Orest


Saskatoon
2 Oktoba 1983

Mdogo wangu Orest,

Barua imefika, nimecheka peke yangu mpaka jirani kagonga ukuta. Mpe Katya busu la shangazi, na huyo mbwa mpeni mafuta ya kula, soksi itatoka yenyewe. Mimi mzima. Theluji imeshaanguka mara moja, ikayeyuka, lakini imetuma salamu. Mama nilikuwa naye Jumapili. Magoti ni yaleyale, ila mdomo umepona kabisa! Amemwambia Padri Vasyl kwamba wewe ndiye mkubwa wa mawe yote ya Amerika, na padri akatangaza kanisani. Kwa hiyo kura yako kule kijijini kwa Mama umeshashinda.

Sikiliza ushauri wa mkubwa wako. Usizungumze sana. Usimuulize mtu chochote. Kwenye vikao cheka wanapocheka. Mpelekeeni Pruitt keki, si kwa kumhonga, ni kwa kumkumbusha kwamba una mke na mtoto. Kazi yako ni nzuri, mimi mtu wa mimea nimesoma makala yako na nimeelewa, basi wao washindwe nini?

Mwaka huu na sisi tuna wetu wa kumpigia kura, Colette Marchand. Nilikutajia, ndiye aliyenipikia Krismasi ile nilipovunjika mguu. Ndiye anayefundisha madarasa makubwa ambayo sisi wengine tunayakimbia, mia tatu kwa mara moja, na wanafunzi wanampenda hao! Kura itapigwa Machi. Nilimwambia kama ninavyokuambia wewe: tulia, maadamu mimi nimo ndani.

Dada yako niliye upande wako siku zote,
Daria


Harlan Falls
11 Desemba 1983

Dada,

Hatujambo. Katya ameota meno. Mbwa amepona, ulisema kweli.

Kura zimepigwa. Tano ndiyo, sita hapana. Mkuu wa kitivo hakutaka hata kufungua maboksi, ameandika mistari minne tu: kazi ni safi, lakini uzito wake haujafikia kiwango. Kuhusu mwaka ule wa mafuriko niliokaa kijijini kule badala ya kuandika, hakuna aliyesema kitu. Sheria yao inanipa mwaka mmoja wa kuondokea. Yaani nitaingia darasani kama kawaida, nitakaa nao vikaoni, nitakunywa nao kahawa. Mtu kafukuzwa lakini anatakiwa aoshe vyombo kwanza.

Sasa ngoja nikuchekeshe, kwa maana nisipocheka nitalia, na juzi nimeshalia mbele ya mtoto.

Siku ya pili yake, asubuhi, mlango unagongwa. Pruitt. Kabeba pai ya maboga aliyooka mkewe. Kafunga mlango taratibu, kanishika bega, kaninong'oneza: "Orest, nataka ujue, mimi nilikuwa upande wako. Lakini ibaki hapahapa." Nikamshukuru. Kusema kweli nilimshukuru kwa moyo wangu wote. Mchana akaja Bev Tillman: "Nimekupigania mpaka mwisho, ila usiniseme." Jioni wakaja wawili kwa mpigo, wakakutana mlangoni, kila mmoja akajifanya amepotea njia.

Ijumaa jioni wageni walikuwa wamefika kumi. Kumi, dada! Kura tano, wenyewe kumi. Ambaye hakuja ni Gustafson, basi ina maana yule mzee kaninyonga peke yake kwa karatasi sita.

Maureen anasema nicheke vizuri, mbona nacheka kama nakohoa.

Mama bado asijue.

Orest


Saskatoon
12 Februari 1984

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nimeanza barua hii mara nyingi na kuichana. Baridi mwaka huu imetutia adabu, gari langu haliwaki bila kubembelezwa. Krismasi yetu ya Januari, ya kalenda ya kanisa letu, nilikuwa na Mama. Tulikula kutia, ngano na asali kama alivyokuwa akitupikia, lakini sasa napika mimi, na yeye kazi yake ni kulaumu. Alipata mafua, yameisha. Aliniuliza, sijui kasikia wapi: "Orest wamempa kile cheo?" Nikamjibu mambo yanaendelea.

Pole sana, Orest. Pole na Maureen. Nimelia, na nimewatukana hao watu wako kwa lugha ambayo Mama alituosha mdomo kwa sabuni kwa ajili yake. Wanafiki wakubwa! Mtu anakuua, halafu anakuja msibani na pai! Usiwape uso. Wazee walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, basi mimi ndiye mzaliwa nawe, nitegemee. Nyumba yangu ina vyumba viwili vitupu. Mkikwama, njooni.

Mimi huku nina yangu kidogo. Jalada langu nalo linapelekwa mwaka huu, la uprofesa kamili. Ni mara ya tatu, unajua zile mbili zilivyokwenda. Tuna mkuu mpya wa idara, Dunning, kijana wa maabara, anataka idara ipande chati na hana habari na madarasa ya watu mia tatu. Aliniita ofisini, akanimiminia chai mwenyewe. Akasema, "Tutaanza na la Colette, Daria, tuone nani na nani wana msimamo. Halafu tutaingia kwenye lako." Nikamwambia sawa.

Colette ananiuliza kila siku kama nimesikia chochote. Namwambia atulie.

Nina miaka hamsini na sita, Orest. Wakati mwingine nachoka tu.

Dada yako niliye upande wako,
Daria


Harlan Falls
19 Machi 1984

Dada yangu,

Asante kwa barua na kwa vile vyumba viwili. Maureen amekusifu, anasema ndugu kama wewe hawauzwi dukani. Katya anataka kujua kama huko dubu wanaingia jikoni.

Ninakuandikia kwa sababu ya mzee Gustafson. Nisipokusimulia wewe sina mwingine.

Wiki iliyopita niliitwa kwenye usaili wa kazi, kampuni moja ya kokoto kule Ohio, wanachimba mchanga mitoni. Gari letu likafa asubuhi hiyohiyo. Niko barabarani nimevaa suti, nalipiga teke, mara linasimama lori bovu la rangi ya kijani. Gustafson. Kafungua mlango. "Panda." Basi, hilo tu. Saa tatu nzima za njiani hakusema neno isipokuwa kuwatukana madereva. Kanisubiri nje mpaka usaili ukaisha, akila sandwichi yake ya samaki anayenuka. Wakati wa kurudi nikashindwa kujizuia. Nikamuuliza, "Mzee, na wewe ulipiga kura gani?"

Kanitazama kama mtu aliyekanyaga kitu. "Kura ni ya siri," kasema.

"Wenzako wote wameniambia ya kwao."

"Walikuja kutua mzigo wao. Kuna aliyekuja kukusaidia kubeba wa kwako?"

Halafu karudia kuwatukana madereva mpaka nyumbani. Daria, sijui alipiga ipi. Inawezekana kabisa alinikataa, mto ni maji machafu. Lakini ndiye pekee katika jengo lile ninayeweza kumtazama usoni. Hao kumi sijui nani ni nani, kwa hiyo nimewapoteza wote, na wale watano walionipenda kweli nao nimewapoteza humohumo. Bev Tillman alikuwa rafiki yetu, Katya alikuwa analala kwake. Sasa akinipa mkono nahesabu vidole vyangu.

Nakuomba jambo moja kwa ajili ya yule Colette wenu. Ukimpigia ndiyo, piga na unyamaze. Ukimpigia hapana, sitakuuliza, una sababu zako. Lakini ikienda vibaya usiende mlangoni kwake kumnong'oneza. Usimfanyie hivyo.

Ile kazi ya kokoto wamenipa. Nitaanza Julai, mwaka wao wa kuondokea siutaki.

Mdogo wako,
Orest


Saskatoon
22 Machi 1984

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii inawakuta wazima. Sijapata yako kitambo, labda posta ya mpakani imelala kama kawaida yake. Mama hajambo, wamempa kitanda cha dirishani na sasa anachunga magari ya kijiji kizima. Barafu mtoni imeanza kupasuka, usiku naisikia kutoka kitandani.

Jana tumepiga kura ya Colette. Nne ndiyo, saba hapana. Kikao kilichukua muda mfupi sana. Dunning alizungumza, watu wakatazama mikono yao, kisha karatasi.

Nilikuwazia wewe, Orest. Nikasema mdogo wangu alivyoteseka, huyu asibaki peke yake hata dakika moja. Nilikwenda moja kwa moja hadi ofisini kwake, hata viatu vya theluji sikuvua. Nilikuwa nimeoka ule mkate wa Mama wa mbegu nyeusi za popi, nikampelekea wote. Nikafunga mlango, nikamkumbatia, nikamwambia mimi nilikuwa upande wako, Colette, ila ibaki baina yetu, unajua Dunning alivyo. Alilia begani kwangu mpaka koti likalowa. Akasema, "Nilijua tu, Daria. Wewe nilijua."

Nadhani nilimsaidia kidogo.

Jalada langu limeondoka idarani leo asubuhi. Dunning ameandika maneno mazuri.

Dada yako niliye upande wako,
Daria


Harlan Falls
20 Aprili 1984

Dada Daria,

Natumaini Mama ni mzima na mayai ya Pasaka mmeyapaka rangi. Katya amepaka kumi na mawili, tisa ameyavunja. Maureen amepata kazi kwenye kliniki karibu na huko tunakohamia. Nyumba imepata mnunuzi. Maboksi yangu matatu nimerudishiwa, moja bado lina utepe niliobandika mwenyewe Septemba.

Barua zetu zimepishana njiani. Yako imefika hapa siku ambayo nadhani yangu imefika kwako. Nilikuwa nimekuomba kitu, na wewe ulikuwa umeshakifanya.

Nimeisoma barua yako, nikampa Maureen asome, nikaisoma tena. Maureen amenikataza kuandika haya. Anasema ndugu ni ndugu. Lakini umemfungia mlango, dada. Umemkumbatia. Umemwambia ibaki baina yenu. Pruitt alileta pai.

Tangu Desemba nimeishi nikiangalia nyuso za watu nikijiuliza, huyu, au yule? Sitaki uso wako uwe mmoja wao. Mimi si Dunning, wala si Colette. Ukiniambia ulimkataa, nitakasirika, nitakupigia simu nikutukane, halafu Agosti nitakuja tukae jikoni tule. Nitajua niko na nani. Nakuapia kwa kaburi la baba.

Dada, ulipiga kura gani?

Orest


Saskatoon
30 Juni 1984

Mdogo wangu Orest,

Samahani kwa ukimya. Kulikuwa na mitihani, kisha bustani, kisha Mama alianguka bafuni, usishtuke, ni mkono tu, wameufunga na atapona. Maua ya bustanini mwaka huu yamekuwa makubwa mpaka yanainama. Nimekata mengi nikampelekea, ameyaweka dirishani na kuwaziba wenzake wasione barabara. Wamegombana.

Nimepata, Orest. Barua ilikuja mwezi wa tano. Profesa kamili, kuanzia Julai. Nilifikiri nitarukaruka. Nilikaa kwenye ngazi za nyuma nikamenya viazi.

Padri Vasyl alitangaza kanisani, na hapo pametokea mkanganyiko. Mama alisikia "profesa" na "Baran", jina letu la ukoo, akajua ni wewe. Amewagawia wauguzi peremende zote alizokuwa nazo, anasema mwanangu wamempa cheo chake. Nilitaka kumsahihisha. Nilimtazama na ule mkono wake uliofungwa, nikaacha. Basi kwa Mama wewe ndiye uliyeshinda. Akikupigia simu umshukuru tu.

Katya afurahie nyumba mpya. Mwambie hapana, dubu hawaingii jikoni, wanabisha hodi kwanza.

Colette ameondoka wiki iliyopita. Ameuza piano yake, amehamia kwa dada yake Quebec. Siku ya kuondoka alipita kwangu kunirudishia sahani ya ule mkate. Alikuwa ameiosha na kuifunga kwa kitambaa kilichopigwa pasi. Nilimkaribisha chai, hakuingia. Alisimama pale mlangoni, anatabasamu, si kwa ubaya, akasema, "Kura zilikuwa nne, mlikuja tisa, Daria. Wa kwanza ulikuwa wewe." Halafu akanipa mkono.

Sahani bado iko mezani, sijairudisha kabatini.

Vyumba vyangu viwili bado vitupu. Agosti kukiwa na nafasi mje, hata siku chache, nitapika.

Swali lako nimeliona. Mama anakusalimu sana.

Daria